Maji ya moto kwenye vioo vya Nyali: mafuta ya jikoni yameachia

Yameachia. Kioo cha nyuma cha mkahawa mmoja wa nyama choma huku Nyali, ghorofa ya kwanza, juu kabisa ya feni ya jikoni, kimetoka safi kona hadi kona. Sikupanda ngazi, sikushika wembe. Kioo hicho kimenihangaisha tangu kusi ianze kuvuma, na naandika furaha ikiwa bado mbichi, kwa wenzangu wanaouliza kila mara kama kupasha maji kuna faida yoyote kwenye kazi yetu ya vioo.

Jibu langu kwa hapa Mombasa: kwa kazi nyingi, hakuna. Kwa mafuta ya jikoni na kinyesi cha kunguru faida ipo, ila ina masharti ambayo muuza hita hatakwambia.

Habari za RO (chujio la membreni linalozuia chumvi na madini) na resini (chembe zinazonyonya yale yaliyosalia) sizirudii kwa undani, mnazijua. Mtambo wangu kwa ufupi ni huu: maji ya kisima, mita ya TDS, inayopima chumvi na madini yaliyoyeyuka majini, inasoma 1,400. Yakitoka kwenye RO hubaki 50 hivi, yakitoka kwenye resini ni 0. Kutoka hapo yanapanda kwenye sola ya mirija ya kupasha maji juu ya paa, kisha yanaingia kwenye tangi la lita 200 lililofungwa juu ya tuktuk ya mizigo. Pampu ya volti 12, mpira wa mita 70 wenye tundu la milimita 6, mti wa kaboni (fimbo ndefu inayopandisha maji hadi juu), brashi. Chujio kwanza, moto baadaye. Hapo sina mjadala na mtu. Membreni nyingi za RO zimeandikwa kikomo cha nyuzi 45, na resini nayo huchoka mapema ikipitishiwa maji ya moto. Na ukipasha maji ya kisima kabla hujayachuja, chokaa inajitenga na kuganda ndani ya hita. Kila mwenye birika Mombasa ameiona ile gamba nyeupe.

Hata bila hita, joto linaingilia kazi. Tangi jeusi la juu ya paa likishapigwa na jua, maji yanayofika kwenye RO saa tisa alasiri ni vuguvugu. Membreni hapo inatoa maji mengi zaidi kwa saa, unafurahi, halafu ukitazama mita imepanda. Resini ndiyo inayolipa gharama ya furaha hiyo. Siku hizi nachuja usiku.

Sasa tuje kwenye joto lenyewe. Wenzetu wa Uingereza, ambako kazi hii ya mti na maji safi imekomaa, hufunga hita za dizeli ndani ya gari, za aina ile ile inayopasha kabini za malori. Wana sababu zao. Wakati wa baridi maji yao ya bomba hutoka baridi kali, mpira unakakamaa hadi haukunjiki, vidole vinakufa ganzi. Sisi maji hutoka bombani yakiwa nyuzi 28. Sehemu kubwa ya faida wanayoisifia tumeshapewa bure na jua la Pwani, na mtu akinunua hita kwa kuwaiga tu, pesa yake imekwenda.

Uchafu wetu mkubwa ni chumvi, na chumvi haijali joto. Kwenye nyuzi 20, mililita 100 za maji huyeyusha gramu 36 hivi za chumvi. Kwenye nyuzi 60 huyeyusha 37. Hununui hita kwa ajili ya gramu moja. Chumvi inachojali ni saa unayofika. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75, chumvi huunyonya na kugeuka majimaji papo hapo kwenye kioo. Pitisha kidole kwenye dirisha linalotazama bahari saa kumi na mbili asubuhi: kinateleza, kinatoka kimelowa, na ukikilamba ni chumvi tupu. Rudi saa saba mchana, upepo umekausha, ni unga mweupe unaokwaruza. Basi vioo vya baharini naviosha alfajiri, maji ya kawaida ya 0, nasuuza kwa wingi, nimemaliza.

Madoa ya chokaa, yale ya mpira wa bustani unaonyunyizia kioo kila siku, ndiyo kabisa hayana habari na maji ya moto. Chokaa haiyeyuki zaidi kwa joto, inayeyuka pungufu. Hiyo ni kazi ya siki.

Yakabaki mafuta.

Utando wa kile kioo ulikuwa wa kahawia, umeshika moshi wa mkaa na vumbi la barabara, na ukipitisha kucha unajikunja chini ya ukucha kama nta. Mafuta ya ng'ombe huanza kulainika na kuyeyuka kati ya nyuzi 40 na 50. Ya mbuzi na kondoo hayako mbali na hapo. Maana yake ni kwamba maji ya nyuzi 38, ambayo mkononi unayasikia ya moto, kwa mafuta hayo ni maji tu. Brashi inayasambaza. Unaondoka umegeuza doa moja kuwa ukungu wa kioo kizima, na mwenye mkahawa anakuuliza kwa upole, "Kaka, ndiyo imeisha hiyo?"

Nikaanza kupigana na mpira. Tangini nilikuwa na nyuzi 63. Maji yakitiririka mfululizo, kwenye brashi yalifika 52, na hilo lingenitosha. Lakini kazini hayatiririki mfululizo. Unafunga, unahamisha mti, unamngoja mteja asogeze gari, unafungua tena. Mpira wa tundu la milimita 6 unabeba mililita 28 kwa kila mita, kwa hiyo mita 70 ni lita 2 nzima zinazokaa hapo chini zikipoa. Ukisimama dakika tano, maji yaliyomo yameshuka chini ya 40. Ukifungua, zaidi ya dakika moja inapita unaosha kwa maji yaliyopoa kabla ya moto kufika, na ukishafika, unafunga tena. Nilipima na kupima, kipimajoto kimefungwa kwa tepu kwenye pua ya brashi, na kila mara hadithi ilikuwa ile ile.

Nikakata mpira ukabaki mita 30, tuktuk nikaisogeza karibu na ukuta. Nikauvalisha ile foamu nyeusi ya mabomba ya AC kutoka kwenye pampu hadi mguuni mwa mti. Unakuwa mnene na mzito kuburuta, unashika kila kona ya saruji, lakini joto halitoki. Kwenye brashi nikapata 54, hata baada ya kusimama.

Mafuta hayakutikisika.

Hapo nilikasirika kweli. Nyuzi 54 kwenye brashi, zaidi ya inavyohitajika, na utando uko pale pale unanitazama. Nikaenda mjini kununua kipimajoto cha bastola, kile unachoelekeza tu na kubonyeza. Asubuhi yake nikalenga kioo mara tu brashi ilipopita: 33. Sekunde chache tu, na moto wote umekwenda.

Nikakaa na kalamu. Kioo cha milimita 6 kina uzito wa kilo 15 kwa kila mita ya mraba. Kukitoa nyuzi 27 za asubuhi kivulini hadi 45 kunahitaji kilojuli 225 hivi kwa kila mita. Maji yangu, lita 2 kwa dakika, yakiacha nyuzi 10 zake kwenye kioo yanatoa kilojuli 84 kwa dakika, tena kama hakuna upepo na hakuna tone linaloteleza bure. Inabidi nisugue mita moja ya kioo karibu dakika tatu kabla mafuta hayajaanza hata kulainika. Tatizo halikuwa hita, wala tangi, wala mpira. Kioo ndicho kilichokuwa kinakula moto wangu, na kipimajoto cha kwenye brashi kilikuwa kikinionyesha namba nzuri isiyo na kazi. Namba yenye kazi ni joto la kioo, na sijamwona muuza hita anayeitaja.

Ukuta ule unatazama magharibi. Kioo chake ni cha rangi, kile cha kahawia kilichojaa majengo ya huku, na kioo cha rangi hunywa jua kuliko kioo cheupe. Nikarudi alasiri, nikalenga: 46. Jua lilikuwa limeshanifanyia kazi yote, mafuta yamelainika yenyewe yakingoja tu msukumo. Nikanyunyiza maji yenye sabuni kidogo ya vyombo kwa pampu ya mkono, nikahesabu taratibu hadi thelathini, nikapandisha brashi na maji ya 54. Utando ukakatika vipande, ukateremka, kioo kikabaki cheusi na maji yanateleza juu yake kama shuka moja bila kuvunjika. Wenzangu mnajua shuka hiyo inavyopendeza. Nikasuuza kwa utulivu juu hadi chini, nikakiacha kikauke chenyewe. Hakuna mstari hata mmoja.

Najua sote tumefundishwa tusioshe kioo kilichopigwa na jua. Kanuni hiyo ni ya ndoo, sabuni na raba ya kufuta maji, kwa sababu sabuni inakauka kabla raba haijafika. Maji ya 0 yakikauka hayaachi kitu, na brashi ikifuatiwa na suuza ya kutosha, jua linakuwa msaidizi. Angalizo moja: kioo cha moto hakitaki maji ya baridi ya ghafla, na kioo baridi hakitaki ya moto. Kioo cha kawaida kisichokazwa kwa moto kiwandani huanza kuwa hatarini tofauti ikikaribia nyuzi 40. Kioo cha 46 na maji ya 54 wanapatana vizuri.

Kuna anayenishauri magadi. Yanakata mafuta, hilo sibishi, lakini yanashambulia fremu za alumini na kuacha zimefifia, na fremu haioshwi ikarudi. Siyaweki karibu na dirisha la mteja.

Kinyesi cha kunguru nacho kimefaidika, ingawa pale jambo kubwa ni kulowesha. Weupe wake ni asidi ya yuriki, na hiyo huyeyuka kwa uchoyo sana. Lowesha kwa maji ya moto, endelea na dirisha la pili, rudi. Usisugue kikavu, kuna mchanga ndani yake.

Kuhusu vifaa, mawili. Maji ya moto yanalegeza mpira wa plastiki, na viungio vya kusukuma vinachomoka ghafla, tena huwa ni vile vya karibu na uso wako. Weka klipu kila kiungio, usibahatishe. La pili ni brashi. Watu wanasifia sana za manyoya ya nguruwe, kwamba zinakata uchafu mzito bila kujipinda kwenye maji ya moto. Mimi siziingizi Mombasa. Naosha madirisha ya nyumba za Waislamu na ya misikiti, na heshima ya mteja inatangulia ubora wa unywele. Nailoni laini iliyochanwa ncha inafanya kazi, ukiipa dakika moja zaidi. Na mti wa kaboni unapitisha umeme. Angalia nyaya kabla ya kuurefusha, kila siku, hata mahali ulipozoea.

Mpango ulikuwa baada ya hapa nifunge hita ya gesi ya bafuni kwenye tuktuk, nipate moto wakati wowote bila kungoja sola. Hesabu yake ilikuwa sawa: lita 2 kwa dakika kupanda nyuzi 20 ni kilowati 2.8, hita ndogo kabisa inaweza. Lakini sasa sioni haja. Mafuta naosha alasiri, na tangi nalijaza adhuhuri. Na kuna jambo jingine limeniteka kabisa.

Nilipokwenda kwa fundi wa AC kununua ile foamu, nikakuta ndoo ya lita 20 chini ya bomba la mtambo alioufunga dukani kwake, imejaa, inamwagikia barabarani. Nikachovya mita. 16. Kisima changu 1,400, na RO yangu yenye membreni mpya haijawahi kunipa 16. Nikamwuliza anayapeleka wapi. Akacheka: "Mwanangu, hayo ni jasho la mashine, chukua yote." Maji ya AC ni mvuke wa hewa uliopoa ukageuka matone kwenye mabomba baridi, hayajagusa mwamba wala chokaa. Na kwa unyevu wa huku, AC moja ya chumba hutoa lita kadhaa kwa siku. Hebu tazama kuta za majengo ninayoyaosha: kila dirisha lina AC yake inadondosha mchana kutwa, kwenye majani, kwenye vichwa vya watu, na kwenye vioo vya ghorofa ya chini ninavyolipwa kuviosha.

Nimeshazungumza na msimamizi wa jengo moja, amekubali nikusanye mabomba ya upande mmoja kwenye pipa. Maji hayo yatakwenda moja kwa moja kwenye resini, RO ipumzike, na yale maji machungu ya RO, yaliyobeba chumvi iliyozuiwa na yanayomwagwa kila usiku, yatapungua. Nitaleta vipimo. Kinachonitatiza ni ule ute unaoota ndani ya mabomba ya AC. Sitaki uingie kwenye resini na kuiziba. Nafikiria chujio la mikroni 5 mbele, labda na la mkaa nyuma yake. Aliyewahi kupambana na ute huo anieleze alitumia nini, na ulidumu muda gani kabla ya kuziba.