Umemkasirikia nani?

Jicho linaendelea vizuri, asanteni mlioniuliza. Mwanga bado unaniuma kidogo, basi. Kinachoninyima raha ni swali la yule bibi wa sindano.

Nilianza idara ya macho, msinigombeze. Uvimbe uko ndani ya jicho, walisema, wakanipa matone ya steroidi na mengine ya kupanua mboni, maana ikiachwa hivi hivi ukingo wa mboni hugandana na lenzi iliyo nyuma yake. Mwenzangu wa bweni ndiye aliyenikokota hadi ghorofa ya tiba ya asili ya Kichina. Hapa Nanjing vyote viwili unavipata hospitali moja.

Bibi akasikiliza mapigo ya mkono, akatazama ulimi.

"Mwanangu, umemkasirikia nani?"

"Sijamkasirikia mtu, daktari."

"Ini lako lina moto. Macho ni mlango wa ini, na hasira huliunguza."

"Labda usingizi tu."

Akacheka! Akanichoma panjani, halafu mkononi kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha mguuni, pale wanapopaita Taichong, ambapo ni pa ini hasa. Mwisho akatoboa ncha ya sikio, akakamua damu kidogo ili joto litoke. Usiku ule maumivu yalipungua. Mwenzangu anazisifu sindano, mimi nayashukuru matone.

Lakini sijamkasirikia mtu? Nimelirudia jibu hilo nikiosha vyombo, nimelirudia kwenye treni, hata Ijumaa Mwanahawa akiozwa nami natazama kwenye simu kwa jicho moja. Mliosoma habari ya kiwanja cha Fuoni, kule Unguja, na kaka aliyekiuza, mnanijua. Kaka alikuwa safu ya mbele, koti jipya juu ya kanzu. Koti lile, jamani, nilijua limenunuliwa na nini.

Jana akaniletea ujumbe wa sauti: "Mdogo wangu, jicho vipi? Tia marashi ya waridi, achana na Wachina." Nilicheka peke yangu mpaka jicho likatoa machozi. Nikamjibu, "Nishatia, kaka." Uongo mtupu, na hasira sikuiona ilikokwenda. Leo asubuhi nimeitafuta, ipo, ila imepungua makali.

Sasa jingine. Kwenye video zote za harusi Mama amekaa kitini. Mama, ngoma inapigwa, amekaa? Nimemuuliza Mwanahawa, ananitumia picha za keki.