Pa kukimbilia Doha: uliza saa kwanza, ardhi baadaye

Nikisema mimi ni Mkenya, swali linalofuata huwa ni la Kipchoge. Wanepali, Wafilipino, Waghana, wote wanaamini sisi tumezaliwa na raba miguuni. Mimi ni mtu wa Kisauni, Mombasa. Kwetu mtu mzima akionekana anakimbia barabarani ataulizwa anafukuzwa na nani. Mbio nimezianzia hapahapa Qatar, wali wa kempu ya wafanyakazi na zamu za usiku ziliponiotesha kitambi. Ila sifa ya taifa haikwepeki, na kila kijana anayeletwa kwenye jengo letu huja kuniuliza: kaka, hapa watu wanakimbilia wapi?

Wa mwisho ni kijana wa upande wa Eldoret, aliyeshuka uwanja wa ndege wa Hamad mwezi wa Julai. Yeye alitaka barabara ya udongo, ile nyekundu ya kwao, kwa sababu ameambiwa lami inaua magoti. Nikamwambia mdogo wangu, udongo uache kwanza. Hapa mtu anachagua saa, halafu ndiyo anatazama chini anakanyaga nini.

Serikali yenyewe, kuanzia 1 Juni hadi 15 Septemba, inapiga marufuku kazi za nje zisizo na kivuli kati ya saa nne asubuhi na saa tisa na nusu alasiri. Kama fundi wa mjengo anaondolewa juani kwa sheria, wewe unayekimbia bila kulipwa hata riyali unatafuta nini huko?

Na jua si tatizo peke yake. Mimi wa pwani nilijiona fukuto nalijua. Juni na Julai upepo wa shamali unavuma, mkavu, umebeba vumbi. Joto linapita nyuzi 40 lakini angalau jasho linakauka na mwili unapoa. Agosti upepo ukikata, unyevu wa bahari unauvamia mji. Unatoka kwenye mall saa tatu usiku, miwani inaingia ukungu palepale mlangoni. Ukikimbia dakika kumi, soksi zimelowa hadi kiatu kinalia chwa-chwa. Jasho lisilokauka halimpozi mtu, linamkausha maji tu. Ndiyo maana wengine huzidiwa usiku, wakidhani jua likizama basi hatari imepita.

Asiyeamini akumbuke mashindano ya dunia ya riadha ya 2019 yaliyofanyika hapahapa Doha. Uwanja wa Khalifa ulipulizwa hewa baridi, lakini marathoni ya wanawake ilikuwa nje, Corniche, barabara ya kando ya bahari, na ilianzishwa saa sita kasoro dakika moja usiku, tarehe 27 Septemba. Walianza wanawake 68, na 28 kati yao hawakumaliza. Mkenya mwenzetu Ruth Chepngetich alishinda kwa saa 2:32:43, muda ambao kwa mtu wa kiwango chake ni wa polepole. Hao ni mabingwa, na ilikuwa usiku wa manane. Sembuse mimi na kitambi changu.

Sasa tuje kwenye ardhi. Corniche ina kama kilomita saba, kutoka jumba la makumbusho la Kiislamu kuzunguka ghuba hadi hoteli ya Sheraton. Pazuri, pana taa, bahari iko ubavuni. Chini ni mawe magumu yaliyopangwa, na unyevu wa Septemba ukiyalowesha yanateleza. Ugumu wenyewe haunitishi sana. Waliopima miguu ya wakimbiaji waliona mguu unajirekebisha: ukikanyaga palaini unakaza, ukikanyaga pagumu unalegea kidogo. Kinachowaumiza wengi, kwa nilivyoona kempuni, ni kutoka sifuri hadi kilomita kumi kwa wiki moja, tena kwa raba zilizochakaa. Hapo hata juu ya godoro utaumia.

Ninapopapenda zaidi ni bustani ya Al Bidda, ng'ambo ya barabara kutoka Corniche. Kuna njia za mpira za kukimbilia, kuna nyasi, kuna vilima vidogo, na nchi hii kilima ni kitu adimu. Metro inakushusha pale kwa riyali mbili. Bustani ya Aspire nako kuzuri, karibu na uwanja wa Khalifa, ila jioni za baridi familia zinajaa na baiskeli za watoto, unakimbia kama unacheza kibe.

Mchanga wa ufukweni msidanganywe nao. Kukimbia kwenye mchanga mkavu kunakula nguvu kama mara 1.6 ya ardhi ngumu, na ufukwe umelala upande, kwa hiyo mguu mmoja unafanya kazi ya mwingine. Maji yakitoka, ule mchanga mgumu uliolowa unafaa. Nenda na rudi, miguu ipokezane.

Na ndani? Kwenye mall watu wa kutembea asubuhi wanavumiliwa, wa kukimbia hapana. Najua kwa sababu mimi ndiye sekyuriti ninayewasimamisha. Kuna bustani zenye njia iliyopozwa kwa kiyoyozi, Al Gharrafa na Umm Al Seneem. Hiyo ya pili ina mita 1,143 na imeingia kwenye rekodi za Guinness. Kijana wa Eldoret alicheka sana kusikia watu wanapoza njia ya kukimbilia. Agosti alikuwa wa kwanza kutafuta gari la kwenda.

Zinabaki tredmili. Kempu yetu ina mbili, na moja imeharibika tangu nimfahamu meneja. Wapo wanaoziona za watu wavivu; mimi sikubaliani nao. Kati ya Juni na Septemba, kwa mtu anayetoka zamu saa kumi na mbili asubuhi jua limeshapanda, mashine ile ndiyo barabara yake. Wanaokimbia kasi huinua mteremko asilimia moja, kufidia upepo ambao ndani haupo; kwa mwendo wetu sisi haibadilishi kitu. Feni, hiyo ndiyo ya lazima.

Sasa hivi ni Novemba na nje kumepoa. Wa Sanaiya, huku eneo la viwanda, tunaotaka, Ijumaa tuko Al Bidda saa kumi na moja na nusu alfajiri. Metro siku hiyo haianzi mapema, kwa hiyo tunachanga teksi, watu wanne gari moja. Nani ana nafasi?