Siku moja maishani mwangu: kupima pumzi ya mapango kando ya Goma

Saa 11 alfajiri. Kabla sijaondoka nyumbani ninawasha kipimahewa uani, penye upepo, nikisubiri kitulie kwenye asilimia 0.04 ya kaboni dioksidi, ambayo ndiyo hewa ya kawaida. Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na huku mgandamizo wa hewa ni mdogo. Kifaa kilichopangiwa usawa wa bahari huonyesha kiwango pungufu kuliko kilichopo. Katika kazi hii hakuna kosa ninaloliogopa kuliko hilo.

Saa 12 na nusu asubuhi. Tunafika upande wa Bulengo, magharibi ya mji, jua likiwa halijapanda. Hapa ndipo penye mazuku, jina la wenyeji la upepo mbaya uuao bila kuonekana, ambalo wanajiolojia wa nchi nyingine nao wamelichukua kama lilivyo. Ni kaboni dioksidi inayopanda kupitia nyufa za lava, na kwa kuwa ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, hutuama mashimoni na mapangoni kama maji. Usiku ukiwa shwari hujaa. Jua na upepo wa mchana huitawanya. Ndiyo maana tunawahi.

Hatuingii. Tunashusha kipimo kwa kamba. Leo kwenye usawa wa kifua hewa ilikuwa nzuri, magotini kengele ikalia, na kwenye vifundo vya miguu kiwango kilipita asilimia 10, ambacho huweza kumzimisha mtu kwa dakika chache. Mtu mzima angesimama pale asihisi kitu, huku mtoto anayeinama kumshika mbuzi wake asiinuke tena. Hilo hunikaa moyoni kila asubuhi.

Mama mwenye shamba jirani aliniuliza, “Mwanangu, koroboi ikiwaka mpaka chini, si shimo ni salama?” Nilimjibu, “Hapana, mama.” Mwali hutegemea oksijeni, ilhali gesi hii humdhuru mtu hata pale ambapo oksijeni iliyobaki ingali inatosha kuwasha taa.

Saa 3 asubuhi. Tunahamia pango la pili, mfereji uliobaki baada ya lava kuganda juu na kuendelea kutiririka ndani. Hapa kipimo kinaturuhusu kuingia. Utepe mwembamba niliouning’iniza mlangoni unaelekea ndani, kwa sababu katika nchi zetu za ikweta mgandamizo wa hewa hupanda hadi saa 4 hivi asubuhi, kisha hushuka hadi saa 10 hivi jioni, na pango huvuta na kutoa pumzi kwa kufuata mwendo huo. Joto la ndani halibadiliki sana. Unyevu ni mwingi hata daftari hulowa, hivyo ninaandika kwa penseli.

Kazi ndefu ni ya maji. Matone yanayodondoka darini ni mvua iliyopita upesi katika nyufa, na mvua ya huku hubeba floridi kutoka kwenye moshi wa volkano ya Nyiragongo. Ninayakinga kwa chupa za plastiki, kwani floridi hushambulia kioo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi kwa miaka mingi hutia meno ya watoto madoa. Mvua hiyohiyo ndiyo familia nyingi huikinga mabatini na kuijaza kwenye bidoni, kwa hiyo tone la pangoni kwangu ni habari ya jikoni.

Saa 8 mchana. Utepe umegeuka, unaelekea nje. Tunaacha kifaa cha kurekodi ndani kikeshe, maana saa zenye hatari zaidi ni zile ambazo hatupo.

Saa 1 usiku. Nimelinganisha vipimo vya alfajiri na vya wiki iliyopita: gesi imepanda ukingoni. Nimempigia simu mama yule ili mawe mekundu ya onyo tuyasogeze juu kesho, kabla mbuzi hawajafunguliwa.