Kura yangu ni ya yule asiyejua kuhutubia

Kampeni za urais wa serikali ya wanafunzi zimepamba moto, na kwa kuwa kila kona naulizwa niko kambi ya nani, acha niseme wazi: niko na yule dada wa mwaka wa tatu, mwakilishi wa darasa letu. Ndiyo, yule aliyezomewa kwenye mdahalo kwa kusoma karatasi kichwa kimeinama. Mpinzani wake aliahidi kushusha ada, ukumbi mzima ukasimama juu ya viti.

Ashushe kwa mamlaka gani? Ada hupitishwa na Baraza la Chuo, na humo wanafunzi tuna viti vya kuhesabu. Kwa kura hatuwezi kumshinda mtu. Kinachobaki ni kuingia kikaoni ukiwa umesoma kabrasha lote na unajua ukurasa wa kuulizia.

Huyu dada anasoma. Muhula uliopita matokeo yalitoka, nusu ya darasa hatuna alama za majaribio. Sisi tukabaki kutukanana kwenye grupu la WhatsApp. Yeye alichapisha kanuni za mitihani, akapigia mstari kwa peni nyekundu kifungu cha muda wa kukata rufaa, akakusanya karatasi zetu zilizosahihishwa na kuzipanga kwa namba za usajili. Akaenda ofisini na nakala mbili za barua: moja ya kuwaachia, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa. Walipodai hawajaona barua yoyote, akautoa ule muhuri. Alama zikapatikana.

Kuna wanaosema rais ni sura tu, achaguliwe mwenye jina. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Glasgow, ambao humchagua wenyewe Rekta, yaani mwakilishi wao kwenye uongozi wa chuo, mwaka 2014 walimpa kura Edward Snowden, yule Mmarekani aliyefichua siri za ujasusi wa nchi yake, ambaye wakati huo alikuwa amekwama Urusi. Kama ujumbe kwa dunia, nawapigia makofi. Ila Rekta ndiye mwenye haki ya kuongoza vikao vya baraza la chuo kile, na mtu wao hakuweza kukanyaga huko. Sisi shida yetu imo ndani ya kikao.

Ana kasoro, sikatai. Mkali, salamu kwake ni za kudokoa, na meneja wake wa kampeni (mimi hapa) anapata tabu kumpiga picha akitabasamu. Nimempa sharti moja: akishinda, abandike muhtasari wa kila kikao. Kanijibu za siri hawezi. Sawa, basi zisizo za siri, na ziwe zimebandikwa ndani ya wiki. Hilo bado tunabishana.