Miezi minane nikisubiri doa la zambarau

Siku Mama alipoliona tangi langu kwenye simu, kutoka Mombasa, aliangua kicheko. "Sasa mwanangu, huko Ujerumani wafuga mawe?" Sikuwa na la kujibu. Sebuleni kwangu hapa Hamburg kulikuwa na lita 180 za maji ya chumvi, samaki wawili wadogo, na rundo la mawe meupe kama mifupa. Nilichokuwa nakitafuta ni ile rangi ya waridi na zambarau inayoonekana kwenye miamba ya kwetu bahari ikipwa.

Ile rangi ni mwani. Ni jamii ya mwani mwekundu, ila huu huchota kalisi majini na kuijenga kwenye kuta za seli zake hata ukawa mgumu kama gamba la konokono. Mimi nauita mwani wa chokaa. Baharini husaidia kugandisha vipande vya mwamba pamoja, na mabuu ya matumbawe mengi hupenda kutua juu yake. Kwenye tangi, mahali ulipotanda, yale manyoya ya kijani yanayoudhi, ambayo nayo ni mwani wa aina nyingine, hayapati nafasi kirahisi.

Kosa langu lilianzia dukani. Nilinunua mawe makavu kwa sababu ya bei, na mawe makavu hayana mbegu ya kitu chochote. Mwezi wa kwanza yakavaa vumbi la kahawia, wa pili manyoya ya kijani. Nikanunua chupa iliyoandikwa kwamba ina mbegu za mwani huo, nikaimwaga yote, nikakaa kungoja kama aliyepanda mahindi. Wapi! Zile euro bado zinaniuma.

Mfugaji mmoja mzee niliyezoeana naye alikuja kunywa kahawa. Badala ya kuangalia mawe akaomba daftari la vipimo. Daftari lenyewe sikuwa nalo. Tukapima papo hapo: kalisi miligramu 360 kwa lita, magnesiamu 1,120, wakati maji ya bahari yana kama 410 na 1,300. Alkali, yaani kaboneti zilizomo majini, ambayo wenyewe hapa huipima kwa digrii zao za Kijerumani, ilikuwa 7. Nikamwambia Jumamosi itakuwa 11, maana ndiyo siku yangu ya kutia dawa ya kupandisha kalisi na alkali. Akatikisa kichwa. Kumbe ule ungaunga mweupe uliokuwa ukiganda kwenye kipasha maji ndio dawa yangu yenyewe: magnesiamu ikiwa chini, kalisi na alkali hushikana upesi na kuganda kabla mwani haujazitumia.

Magnesiamu nilipandisha taratibu, wiki tatu. Kwa hayo mengine mzee alinishauri kitu kinachoitwa Kalkwasser, na aliponieleza nikacheka mimi sasa. Ni maji ya chokaa! Chokaa ile ile aliyokuwa nayo Bibi kwenye kijaluba chake cha tambuu, ile ile iliyojenga nyumba za Mji wa Kale kwa kuchoma matumbawe. Nilikuja kutafuta Ulaya kitu kilichokuwa mapajani mwa Bibi. Tofauti ni kwamba hii inatakiwa iwe safi kabisa. Ya ujenzi usiitie. Nakoroga gramu moja na nusu kwa lita, naacha itulie, kisha maji ya juu yaliyo maangavu yanadondoka tone kwa tone usiku kufidia yaliyokauka. Yanaleta kalisi na alkali kwa pamoja. Ila ni makali, yanachoma. Usitie kwa kikombe, utaua samaki. Ndani ya mwezi mmoja alkali ikakaa kwenye 8 na nukta kidogo, siku zote saba za wiki.

Mzee alinipa pia konokono wawili wenye magamba ya zambarau na kijiwe kimoja kilichovaa rangi. Hiyo ndiyo ilikuwa mbegu. Nilikikwangua kijiwe mbele ya pampu ili chembe zisambae. Nikapunguza chakula cha samaki, maana fosfati ilikuwa imefika miligramu 0.3 kwa lita na hiyo huzuia mwani huu kujenga ugumu wake. Taa nikaishusha pia.

Miezi mitatu hakuna kitu. Halafu asubuhi moja, nikisafisha, nikaona doa dogo kama kichwa cha pini. Halikuwa juu ya mawe niliyoyamulika kwa taa ya bei mbaya. Lilikuwa nyuma ya pampu, gizani. Nilimwamsha mke wangu. Hakufurahi.

Sasa ni mwaka wa pili na nina tatizo la pili. Mwani umetanda mpaka kwenye kioo cha mbele, na kila Jumapili naukwangua kwa wembe. Wenye matangi ya plastiki wasijaribu wembe, watachora mistari ya kudumu. Pampu nazilaza kwenye siki usiku kucha, la sivyo zinakwama. Chokaa yenyewe haitoshi tena kwa jinsi unavyokunywa kalisi. Kioo cha nyuma nimeuachia. Mama akipiga simu huwa ananiambia nigeuzie kamera huko nyuma kwanza, kabla hajaniuliza habari za watoto.