Pilau lililolala

Mwanangu wa kati ameniuliza leo asubuhi, sahani mkononi, kwa nini kwa kina rafiki yake kiporo huliwa na chai bila maswali, na kwetu hakipashwi mpaka nijue kililala wapi. Alikuwa anachelewa shule, nikamwambia nitamsimulia jioni. Tangu hapo niko Ngamiani, Tanga, kwenye ile siku ya pili ya arusi ya kaka.

Arusi yenyewe niipite. Pilau alipika shangazi, kama kawaida. Lilishushwa alasiri, wageni wakala wakashiba, likabaki karibu nusu sufuria, lile la kubebwa na watu wawili. Friji ilijaa soda na maji. Ilikuwa Machi, joto la Tanga ambalo hata usiku wa manane shuka huligusi. Sufuria likafunikwa sinia, juu ya sinia kitambaa, likalala sakafuni jikoni hadi asubuhi. Nani alikuwa na nguvu ya kufikiria zaidi ya hapo?

Asubuhi likapashwa vizuri, mvuke ukipanda. Halikunuka, halikuteleza. Tukala. Mama alichoma sindano yake ya asubuhi, akala kidogo, kwa sababu anajua wali unavyompandisha sukari. Kabla ya adhuhuri alianza kutapika. Wengine wawili watatu nao walitapika, wakalala, jioni wakaamka wanaomba chai. Mama hakuamka hivyo. Mpaka magharibi hakuna kilichokaa tumboni, hata maji.

Ikafika saa ya sindano ya jioni. Shangazi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kichupa cha insulini kakifumbata kiganjani.

"Mtu hajala tangu asubuhi, mnamchoma sindano ya kushusha sukari? Mnataka azimie mikononi mwetu?"

Hofu yake ilikuwa na maana. Sote tuliwahi kumwona mama akishuka sukari, jasho likimtoka, maneno yakimpotea. Mama mdogo, ambaye amekuwa muuguzi maisha yake yote, hakubishana. Aliomba beseni, maji na sabuni. Akamwosha mama vidole kimoja kimoja, maana alikuwa amepewa maji ya chungwa na mkono ulinata. Utamu wa tunda ukibaki kidoleni, kipimo husoma sukari ya chungwa badala ya sukari ya damu. Akavikausha kwa khanga safi. Akatoboa pembeni mwa kidole, akasogeza kile kijiti kwenye tone la damu. Kipimo kikahesabu. Chumba kizima kilikuwa kinakitazama.

21.3. Sukari iko juu sana.

"Imetoka wapi," shangazi akauliza, sauti imeshuka, "naye hajala?"

"Imetoka kwenye ini lake mwenyewe, dada. Mwili ukiugua unajimwagia sukari. Akikosa insulini sasa, ataanza kuunguza mafuta, damu ichachuke. Hebu nimpigie daktari tujue achomwe kiasi gani."

Shangazi akafumbua kiganja. Naukumbuka mkono ule kuliko kitu kingine chochote cha siku zile: hina ya arusi imekoza vidoleni, kichupa kimepata joto, na yeye anakitoa huku hajaridhika.

Daktari alitaja kiasi cha insulini, akataka mama apelekwe hospitali usiku uleule. Mkojo ulikutwa na ketoni, alama ya kwamba mwili umeanza kuunguza mafuta. Akatundikiwa dripu, akapona, akarudi nyumbani.

Hakuna aliyepeleka pilau maabara, kwa hiyo daktari alisema anaeleza tu kinachofanana na ule mwenendo. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, anayependa wali. Mbegu zake hustahimili kuchemka. Chakula kikikaa vuguvugu kwa saa nyingi huamka, wakazaliana, na baadhi yao hutoa sumu ambayo moto wa kupasha hauiharibu. Mvuke ule wa asubuhi haukuwa na la kutusaidia. Kwa mtu mzima wa afya, mara nyingi huishia kutapika nusu siku. Kwa anayetumia insulini, kutapika kwenyewe ndiyo hatari: maji yanamwisha, sukari inapanda, na walio karibu naye wanaogopa sindano inayomwokoa.

Tangu hapo mama akiwa kwangu, wali unaobaki nautandaza kwenye vyombo vifupi upoe haraka, uingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Joto likiwa kali kupita nyuzi 32, ndani ya saa moja. Umeme ukikatika usiku kucha, hauliwi.

La shangazi ndilo gumu. Alipika kwa mikono misafi, nilimwona, nyama na kachumbari kila kimoja na kisu chake na ubao wake. Kilichoharibika kiliharibika baada ya yeye kupakua, kwenye usiku ambao sote tulikuwa na usingizi. Hilo nimemwambia. Yeye husikia tu kwamba pilau lake lilimlaza wifi yake hospitali.

Sasa mdogo wetu wa mwisho anaolewa baada ya Ramadhani, na mpishi ni shangazi. Friji moja tumekubaliana isiingie soda. Na kitakachobaki kigawiwe majirani usiku uleule, kingali cha moto. Ila nani amwambie hayo, hapo bado tunavutana. Mama anasema atamwambia yeye mwenyewe; mama mdogo anamkatalia.