Mradi wa ukoo, wiki ya saba: waraka wa Pangani

Hatimaye nimeusoma karibu wote ule waraka wa babu mzaa babu yangu, uliokuwa sandukuni kwetu. Nyumbani tumekua tukiambiwa alikuwa tajiri wa Pangani, mwenye misafara yake ya pembe za ndovu hadi Umasaini. Waraka unamwonyesha mtu mdogo zaidi ya huyo, nami nimezidi kumpenda.

Kilichonichelewesha ni hati. Ni Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, bila irabu, na mwandishi ametumia "ba" ileile kwa p, b na mb. Siku nne nimehangaika na neno moja lenye "ba" mbili. Nikasoma baba, nikasoma babu, nikatafuta hata jina la mtu. Kumbe ni "pembe". Lilipofunguka hilo, mengine yakafuatana: jora za merikani (kitambaa cha pamba), kaniki, ushanga, na ahadi ya kulipa frasila sita. Frasila moja ni ratili 35 hivi, kama kilo 16, kwa hiyo deni zima halifiki kilo 100 za pembe. Bidhaa alikopa kwa Mhindi wa Unguja, kama walivyofanya wafanyabiashara wengi wa Mrima, pwani ya bara inayoikabili Unguja. Chini kabisa: "kwa mkono wangu". Hapo nilinyanyuka, nikatoka nje kwanza.

Tarehe ni Mfunguo Mosi (Shawwal) 1305, kwa kalenda ya Kiislamu. Nimeibadili mara tatu, na kila mara inaangukia kati ya Juni na Julai 1888. Agosti ya mwaka huohuo Kampuni ya Wajerumani ikaja kushika Pangani, watu wakakataa, vita vya Abushiri vikazuka. Abushiri mwenyewe alinyongwa palepale Pangani, Desemba 1889. Maana yake mzee alikopa, mali ikaenda bara, na kabla msafara haujarudi mji ukawa vitani. Wiki nzima nimeamini deni hilo ndilo lililomfilisi.

Jana nikampigia shangazi, nikamsomea neno kwa neno. Alinyamaza, kisha akauliza:

"Mwanangu, waraka wa deni hukaa kwa nani?"

"Kwa mdai, shangazi."

"Basi umefikaje sandukuni kwetu?"

Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Huenda ni nakala yake mwenyewe. Huenda pia alilipa, akarudishiwa karatasi yake. Nimeutazama upya kwa taa: kona ya chini kushoto haipo, na ukingo wake ni wa kuchanwa kwa mkono, mimi niliandika "mchwa" katika daftari langu. Nimelifuta neno hilo.

Mwezi ujao nakwenda Unguja, kwenye Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Wahindi wengi wa wakati ule walikuwa chini ya ubalozi wa Uingereza, kwa hiyo nitaanza na kesi za madeni za 1888 hadi 1890. Shangazi anataka kuja nami.